Tangi Lililomhofia Nyemo

Mzee Chilewa aliniomba ndoo moja tu.

"Fundi," alisema, "sikuombi kingine. Hiyo ndoo ya mwisho niachie niinywe mwenyewe, polepole, siku mbili tatu. Yakiisha yameisha."

Nilikuwa juu ya ngazi, nusu ya mwili ndani ya tangi lake, glavu za mpira zimepanda hadi kwenye viwiko, mkononi nimeshika kipande cha bati cha kukwangulia. Utando wa tangi lile ulikuwa mnene na wenye afya, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, umetanda ukutani pande zote. Ulikuwa umemtunza mkewe, Bi Damari, kwa miaka tisa. Bi Damari tulikuwa tumemzika siku sita zilizopita, na sheria ya Ushirika wa Mvua inatoa siku saba utando uwe umekwanguliwa.

"Haiwezekani, mzee. Maji ya mwisho yanamwagwa."

"Kwani yana sumu?"

"Hayana. Ni safi kuliko yote. Lakini yana mbegu za utando unaokufa. Ukiyaingiza ndani zitaota kwenye mtungi, kisha kwenye sufuria, na utando wa namna hiyo haujui tena unamlinda nani."

"Unamlinda Damari."

"Bi Damari hayupo, mzee wangu. Angalia pembeni kidogo nimalize kazi."

Akaangalia pembeni. Alikigeukia kitalu chake cha mchicha, akabaki anakitazama mpaka nilipomaliza. Utando ukikwanguliwa hutoa maji uliyokuwa umeyashika mwilini mwake, ndoo moja hivi, wakati mwingine pungufu. Niliyakinga chini ya koki, nikayabeba mpaka katikati ya uwanja, nikayamwaga mbele yake kama sheria inavyotaka. Kuku wakakimbilia palipolowa. Kwenye daftari la Ushirika nikaandika "limekwanguliwa", nikatia saini, Sechelela Ndahani, fundi wa matangi, Chilonde, nikaenda zangu. Njiani nilikula karanga nilizokuwa nazo mfukoni. Nazikumbuka karanga zile kwa sababu zilikuwa tamu na nilizifurahia. Ndivyo nilivyokuwa. Kwa miaka kumi na moja nilikwangua matangi ya wafiwa wa vijiji vyote vya kwetu, na sikuwahi kukosa usingizi.

*

Chilonde hatuna maji mengine. Visima viligeuka chumvi tangu enzi za babu yangu, na mawingu ya Ugogo hayatoi mvua mpaka ndege zije ziyanyunyizie unga kila Novemba. Unga huo ndio unaoleta mvua, na unga huo huo hushuka nayo. Tunauita chumvi ya wingu. Hauna ladha wala harufu. Mtu mzima mwenye figo imara anaweza kuunywa wiki nzima asijue. Mchicha ukimwagiwa mara tatu unaungua majani. Minyaa ya uzio peke yake ndiyo haijali.

Kwa hiyo mvua ikianza kupiga bati, maji ya nusu saa ya kwanza, yale yanayosomba vumbi na vinyesi vya ndege na chumvi nyingi, gata huyapeleka kwenye pipa la pembeni lililopakwa rangi nyekundu. Hayo ni ya minyaa. Yanayofuata huingia kwenye tangi, na humo utando huyashika, hula chumvi yake, kisha huyaachia yashuke kwenye koki yakiwa salama.

Lakini salama kwa nani? Hilo utando haulijui mpaka ufundishwe, na anayeufundisha ni mtu mmoja tu wa nyumba ile. Anatema mate kwenye kijiti, kijiti kinaingizwa kwenye tundu dogo ubavuni mwa tangi, na utando unaonja. Kuanzia hapo unaujua mwili ule, unajua unaweza kustahimili nini, na hautoi tone ambalo lingeudhuru. Ndiyo maana anayefundisha lazima awe mnyonge kuliko wote nyumbani. Akinywa huyo akawa mzima, wote ni wazima. Nimewahi kugombana na wanaume wazima waliotaka heshima ya kulifundisha tangi iwe yao kwa kuwa ni vichwa vya familia. Niliwaambia wampishe mtoto mchanga, na wakampisha, kwa maana mimi mdomo ninao.

Kwetu aliyefundisha alikuwa Nyemo.

Binti yangu alizaliwa na figo moja, nayo ndogo. Alilifundisha tangi letu akiwa na umri wa siku tatu. Mate nilimfuta kwa pamba. Kila mwezi mpya utando lazima uonjeshwe tena, ujue mtu wake anaendeleaje, na alipofika miaka mitatu Nyemo hakutaka tena nimshikie kijiti. Alikuwa anagonga tangi kwa kiganja, anaita "Hodi!", anatema kwa nguvu zake zote mpaka yananirukia mkononi, halafu anacheka hadi anakohoa. "Limeshiba?" ananiuliza. "Limeshiba, mama." "Muulize."

Kwa ajili yake maji yetu yalitoka polepole. Kwa majirani ndoo ilijaa kwa dakika tatu, kwetu dakika arobaini. Niliweka jiwe pana karibu na koki, nikawa nakaa naye mapajani tunangoja. Alinipa habari zote za uwanjani: nani kampiga nani na kwa kitu gani, na kuku yupi ana majivuno. Kulikuwa na kuku jike mmoja, koo mwekundu, ambaye hakumpenda kabisa. Alisema anatembea kama mtu aliyenunuliwa viatu.

Septemba, akiwa na miaka minne na miezi miwili, homa ya mapafu ilimshika siku nne. Si maji yaliyomuua. Nataka hilo lieleweke. Tangi lake halikumkosea hata siku moja.

*

Siku ya saba nilipanda ngazi. Kiangazi kilikuwa kinaishia, maji yalibaki ya magotini. Ningekwangua siku ile tusingepoteza kitu. Nilivua glavu, sijui kwa nini, nikauwekea utando kiganja.

Ulikuwa na joto. Kila kitu kingine cha Nyemo kilikuwa kimepoa.

Nikashuka. Nikafungua daftari la Ushirika, na kwenye mstari wa nyumba yangu nikaandika "limekwanguliwa", kwa mkono ule ule uliowaandikia wengine.

Utando unaokosa mate ya mnyonge wake haufi upesi. Vitabu vya Ushirika vinasema unajibana kwa tahadhari. Mimi nasema unaingiwa na hofu, maana nimeishi nao. Mwezi wa kwanza ukikosa kumwonja unadhani ameugua, unayashika maji muda mrefu zaidi. Mwezi wa pili unadhani amezidiwa. Oktoba ndoo yetu ilichukua saa moja na nusu kujaa, Novemba saa tatu. Desemba mvua zikafika, nzuri kuliko tulivyozoea, na kufikia katikati ya Januari tangi lilikuwa limejaa pomoni, linamwagikia minyaa maji yenye chumvi bado kwa bomba la juu mchana kutwa, huku chini koki inadondosha tone, tone. Februari tulikuwa tunapata ndoo moja kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama.

Tulikuwa watu watatu: mimi, mume wangu Lusito, na mama yake, Bibi Loi, aliyehamia kwetu baada ya msiba. Alishuka na begi lake moja akasema amekuja kunisaidia kulia, kwa sababu kazi yenyewe ni kubwa na mimi ni mwembamba.

Nyanya ndizo zilizotangulia kukauka, zikafuata mchicha na mlenda. Mzabibu ambao Lusito aliupanda wiki aliyozaliwa Nyemo ulianza kukauka kutoka nchani kuja chini. Lusito alikuwa anaukata matawi makavu. Alijua. Kijiji kizima kilijua, kwa sababu walimzika Nyemo na waliliona tangi likimwagika. Lakini ni nani angemwendea fundi wa matangi akamfundishe kazi yake?

"Mama Nyemo," Lusito aliniambia siku moja, mkasi mkononi, "tangi limejaa."

"Naliona."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi," akasema, akaingia ndani.

Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Yeye alikuwa na kaburi. Alikwenda kila Jumapili kung'oa majani. Mimi kaburini sikumwona Nyemo. Nilimwona pale kwenye koki. Nilikaa kwenye jiwe langu, ndoo ikidondoshewa, nikampa habari za uwanjani kama alivyokuwa akinipa yeye. Nilimwambia bibi amekuja. Nilimwambia koo wako mwekundu amefukuzwa jikoni, sasa majivuno yamepungua. Mle ndani kulikuwa na kitu hai kilichoamini kwamba mwanangu yupo, kwamba anaumwa sana, na kilikuwa kinahangaika mchana kutwa ili asife. Kazi hiyo mimi nilikuwa nimeishindwa. Ningewezaje kukiua kwa kosa la kuwa bado kinaifanya?

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Yalikuwa maneno mazuri, na niliyaamini.

*

Bibi Loi alikuwa mtu wa mzaha hata msibani. Mwishoni mwa Februari nilimkuta barazani asubuhi, anakata mikanda ya kandambili zake kwa kisu cha jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Nyemo. Umeona mambo? Miguu imenenepa peke yake. Mwili mwingine wote imeuacha nyuma, haikuuliza mtu."

Tukacheka. Mimi, niliyefundishwa dalili za chumvi ya wingu mpaka nikazikariri, miguu kuvimba ikiwa ya kwanza kwenye orodha, nilisimama pale nikacheka. Lusito aliponiambia baadaye kwamba mama anavimba, nilimjibu kuwa ni uzee.

Kulikuwa na jambo lingine nililolizoea mpaka nikaacha kuliona. Kila tulipokaa kula, kikombe cha maji kikifika kwake alikisogeza kwa Lusito au kwangu. "Nimeshakunywa jikoni," alikuwa anasema. Na mimi nilikunywa.

Siku hiyo niliondoka kwenda kukagua gata za shule, nikasahau spana, nikarudi saa sita mchana. Nilipita nyuma ya nyumba kufupisha njia. Bibi Loi alikuwa amesimama kwenye lile pipa jekundu, kibuyu cha kuchotea kiko mdomoni. Alikunywa mpaka mwisho, bila haraka, akajifuta kwa ncha ya kanga. Aliponiona hakushtuka.

"Mama! Hayo ni maji ya kuoshea bati!"

"Rangi nyekundu naijua, mwanangu. Macho bado yapo."

"Tangu lini?"

"Krismasi. Baada ya Krismasi kidogo."

Miezi miwili. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. "Kwa nini hukuniambia kama maji hayatoshi? Kwa nini hukuniambia?"

Aliinamisha kinu tupu, akakikalia, akaipanga ile miguu yake mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine.

"Nilikuja kuchota kwenye koki," akasema, "nikakukuta unaongea naye. Ulikuwa unamweleza habari za kuku. Ukacheka, Mama Nyemo. Tangu msiba sikuwahi kukusikia unacheka namna ile. Nikarudi kinyumenyume usinione. Nikasema moyoni, huyu hana pengine pa kumkuta mwanawe. Nikimdai maji nitakuwa nimemdai mtoto. Mimi nimezaa sita, nimezika wawili. Deni hilo siwezi kumdai mtu."

"Utakufa, mama!"

"Mimi nimekula chumvi nyingi tayari. Hii ya wingu ingeongeza nini?" Akajaribu kutabasamu, lakini hakufika mbali.

Nilipiga magoti, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Nilipokiondoa kidole, shimo lilibaki. Nikalitazama, nikingoja lijae, na halikujaa. Hapo ndipo nililia, si kwa huzuni, kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kwenye nyumba yangu mnyonge kuliko wote alikuwa huyu. Alikuwa amekaa mezani kwangu miezi mitano, na mimi, ambaye mdomo ninao, niliyewaambia wanaume wampishe mnyonge, sikumpisha.

Lusito alimpakia mama yake kwenye pikipiki, akamfunga kwa kanga kiunoni asianguke, wakaenda zahanati. Jioni alituma ujumbe. Mganga amesema figo zimechoka lakini hazijafa. Asinywe tena hata tone moja lenye chumvi. Watalala huko.

Nilikwenda kwenye koki kama kawaida nikakaa kwenye jiwe. Ndoo ilikuwa bado haijajaa. Nilitaka kumweleza Nyemo kuhusu bibi yake, lakini hilo sikuweza kumwambia.

*

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Chilewa. Sheria inamkataza fundi kukwangua tangi la nyumba yake bila shahidi, na shahidi yeyote angetosha. Nilimchagua yeye. Nilimkuta anamwagilia mchicha kwa kopo lililotobolewa matundu chini. Nikamsalimia, akaitikia bila kugeuka.

"Mzee, niliandika uongo kwenye daftari."

"Najua. Tangi lililokwanguliwa Septemba halimwagiki Januari."

"Hukunishtaki."

"Nilikuwa nangoja nione kama nitaweza kukuchukia." Aliliinamisha kopo mpaka likaisha maji. "Nilijaribu sana, Fundi. Nilikuwa napita makusudi niangalie lile bomba linavyomwaga. Unataka nini?"

"Shahidi."

Akavaa kofia yake.

Tulifungua mlango wa chini wa tangi saa mbili asubuhi, na mpaka saa nane mchana maji yalikuwa bado yanatoka. Lita elfu kumi, mvua za msimu karibu wote, zilikwenda kwenye minyaa. Majirani wawili walisimama kwenye uzio, wakaona, wakaondoka bila kuuliza. Tangi lilipobaki tupu nilipanda ngazi. Mzee Chilewa aliishika kwa chini.

"Utaangalia pembeni?" nikamuuliza. Nilitaka aangalie pembeni.

"Hapana," akasema. "Mimi uliniambia niangalie pembeni nikakutii. Mpaka leo sijui mke wangu aliondokaje mara ya pili. Wewe angalia. Na mimi nitaangalia pamoja nawe."

Niliingia ndani bila glavu. Jua lilipenya kwenye tundu la juu, utando ukawa unang'aa kidogo. Nilianzia chini, kama ninavyofanya siku zote. Na kila nilipougusa ulijibana, ukavutika kuelekea ukutani, ukakunja kingo zake. Tando nyingine hazifanyi hivyo, zinabanduka tu. Huu ulikuwa umeishi miezi mitano ukiamini kwamba mtoto wake yu karibu kufa, na sasa umeguswa na chuma. Ulikuwa unamficha.

"Nyemo," nikasema, "ni mama."

Sijui nilidhani nini. Kwamba utasikia sauti, labda, na kulegea. Haukulegea. Nikaukwangua hivyo hivyo umejikunja, kipande kwa kipande, vikaanguka miguuni pangu vikiwa na joto. Niliacha mwisho sehemu inayozunguka lile tundu la kijiti. Hapo ulikuwa mnene kuliko kwingine, maana ndipo alipokuwa akitemea. Nilisimama hapo muda mrefu, na Mzee Chilewa hakuniharakisha. Halafu nikamaliza.

Chini ya koki kulikuwa na nusu ndoo. Nilishuka nikaipakata. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini, na kwenye ule ubaridi wa ndoo niliona jinsi nilivyokuwa na kiu. Lusito alikuwa zahanati. Uwanjani tulikuwa wawili tu.

"Mzee," nikasema, "hakuna anayetuona."

"Hakuna."

"Ningeweza kuyagawa. Nusu yako, nusu yangu. Nilikunyima ya kwako. Chukua haya."

Aliyatazama maji. Alikuwa na kiu nayo, niliona, ingawa hayakuwa ya Damari. Kisha akaniuliza, na hakuwa na hasira hata kidogo, alitaka tu kujua: "Ukiyanywa hayo, Fundi, ya Damari yalimwagwa kwa nini?"

Lilikuwepo jibu moja tu, na nilikuwa nimelipakata.

Nikaenda katikati ya uwanja nikayamwaga. Kuku wakaja mbio. Yule koo mwekundu alikuwa wa kwanza, akakanyaga katikati ya maji kwa vidole vyake virefu, akanywa, akainua kichwa. Mzee Chilewa akavua kofia. Tulikaa chini kwenye udongo, mimi na yeye, tukapatazama mahali pale mpaka pakakauka. Kwa jua lile haikuchukua muda.

Kwenye daftari niliukata ule mstari wa Septemba, nikaandika chini yake tarehe ya kweli. Ushirika walininyang'anya daftari na ufundi kwa msimu mzima, na sikubishana nao.

*

Utando mpya huchukua siku arobaini kuota, na katika siku hizo tangi haliguswi. Bibi Loi ndiye aliyeufundisha. Lusito alimshika mkono mpaka ubavuni mwa tangi, nikampa kijiti.

"Kwa hiyo leo mnyonge wa nyumba ni mimi," akasema. "Nimeishi miaka sabini na nane nakikimbia cheo hiki." Akatema kwa adabu, tone dogo tu, akafuta mdomo. Halafu akasimama kidogo, akaweka kiganja kwenye tangi, na nilijua anamkumbuka nani, lakini hakugonga. Mimi pia sikugonga.

Siku hizo zote tulikunywa maji ya Mzee Chilewa. Alikuja kila asubuhi na ndoo mbili kwenye baiskeli, akiziteremsha bila kumwaga tone, na hakukubali hata chai. Mvua za Machi zikanyesha, si nyingi, tangi likafika nusu. Miguu ya Bibi Loi ilipungua taratibu. Nilikuwa naibonyeza kila jioni, na jioni moja shimo likajaa lenyewe mbele ya macho yangu. Hazitarudi kama zamani, figo zake, mganga alisema. Lakini alipona kiasi cha kuanza tena kunitania kuhusu ugali wangu.

Nami nilikuwa najiwekea akiba. Siku arobaini sikukaa kwenye lile jiwe, kwa sababu koki ilikuwa imefungwa, na kila kitu nilichokiona uwanjani nilikiweka moyoni kwa ajili ya siku ya kufungua. Bibi amenunuliwa kandambili mpya, za kijani. Mzabibu umetoa jicho moja, chini kabisa, karibu na udongo, na baba yako hataki mtu alisogelee. Koo wako mwekundu ameatamia, ameangua vifaranga tisa, sasa majivuno yamerudi yote. Na lile lingine, kubwa, kwamba nilikuwa sina budi kukwangua. Hilo nilipanga kulisema mwisho, taratibu, ndoo ikikaribia kujaa. Nilijua kwamba hakuna kitu tena mle ndani kinachomjua Nyemo. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote Chilonde. Lakini jiwe lilikuwepo, na koki ilikuwepo.

Asubuhi ya siku ya arobaini na moja tulisimama wote wanne. Lusito alifungua koki, maji yakatoka yamenyooka, mazito, tukayasikiliza. Bibi Loi akapewa kikombe cha kwanza, kama ilivyo desturi kwa mnyonge. Akanywa, akatikisa kichwa kuyakubali. Mzee Chilewa alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha, sijui ni nani aliyewakonyeza, wakaondoka wote mmoja mmoja wakaniacha.

Nikatega ndoo. Nikakaa kwenye jiwe. Nikafungua.

Kwanza nilikosa pa kuanzia, nikafunga macho nikatafuta. Maji yalikuwa na kelele. Nilikuwa nimezoea matone. Nikainamisha kichwa kama nilivyokuwa nainamisha alipokuwa mapajani pangu, ninuse nywele zake.

"Nyemo," nikasema, "ni mama. Leo nina mengi. Bibi yako ana kandambili mpya, za kijani. Halafu yule koo wako..."

Kitu cha baridi kikanigusa miguu.

"Mama Nyemo!" Bibi Loi aliita kutoka barazani. "Funga koki, mwanangu, ndoo imejaa, maji yanamwagika!"

Nikafunga. Nilikuwa sijafika hata kwenye vifaranga.